ECW Anarchy Rulz: Gemu ya Mieleka Iliyotoka Kampuni Yake Ikikata Roho

Kama umewahi kukaa kwa benchi ya kibanda cha PS, iwe ni pale karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, iwe ni Bungoma mjini au huko Kitale, ukangoja zamu yako ya kucheza SmackDown! Here Comes the Pain kwa PS2, basi hii stori inakuhusu. Cheki wale wasee unaochagua humo ndani. Rob Van Dam anayeruka kutoka juu ya kona. Rhyno anayekugonga tumboni kama fahali. Tajiri na mateke yake. Lance Storm, Rey Mysterio, Eddie Guerrero, Chris Jericho. Wote hao, kabla WWE iwafanye mastaa wa dunia, walipitia kampuni moja ndogo ya Philadelphia iliyoitwa Extreme Championship Wrestling, yaani ECW.

Hiyo kampuni ilipata gemu mbili tu ikiwa hai. Ya kwanza ni ECW Hardcore Revolution. Ya pili, na ndiyo tunachambua leo, ni ECW Anarchy Rulz. Zote zilitoka mwaka mmoja, 2000, na zote zilitoka kwa kampuni ya Acclaim Entertainment ya New York. Anarchy Rulz iliingia sokoni Agosti 2000 kwa PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, halafu Desemba ikafika kwa Sega Dreamcast. Nintendo 64 na Game Boy Color, ambazo zilipata gemu ya kwanza, safari hii ziliachwa nje.

Jina lilitoka kwa shoo ya kulipia ya ECW yenyewe. Anarchy Rulz ya kwanza ilifanyika tarehe 19 Septemba 1999 pale Villa Park, jimbo la Illinois, na usiku huo Mike Awesome ndiye aliondoka na mkanda wa dunia. Kumbuka hilo jina. Litarudi, na litarudi na shida.

ECW ilikuwa nini hasa

Wewe umezoea WWE yenye taa, fataki na ukumbi wa watu elfu makumi. ECW haikuwa hivyo kabisa. Ilianza 1992 kama Eastern Championship Wrestling chini ya mfanyabiashara Tod Gordon, na nyumbani kwao palikuwa ukumbi wa kuchezea bingo kusini mwa Philadelphia. Tarehe 27 Agosti 1994 Shane Douglas akashinda mkanda wa NWA, mkanda wenye heshima za wazee wa mieleka, akautupa chini mbele ya mafan. Muda mfupi baadaye neno Eastern likageuka Extreme. Aliyepika huo mpango alikuwa Paul Heyman. Ndio, huyo huyo mzee wa kipara uliyemzoea akiwa na Brock Lesnar na Roman Reigns.

Heyman alijua hana doh ya kushindana na WWF ya Vince McMahon wala WCW ya Ted Turner. Kwa hivyo aliuza kitu ambacho hao wengine walikuwa wanaogopa: viti vya chuma, meza zinazovunjika, seng'enge badala ya kamba za ulingo, damu, na mashabiki waliokuja na vyombo vyao vya jikoni ili wanamieleka wavitumie kupigana. Lakini kuna kitu wengi husahau. Hapo hapo kwa hiyo fujo kulikuwa na mieleka safi sana ya kiufundi. Rey Mysterio na Psicosis kutoka Mexico, Eddie Guerrero na Dean Malenko, baadaye Jerry Lynn na Rob Van Dam. Ukiona leo mabingwa wadogo wa mwili wanaruka kamba kwa TV na hakuna anayeshangaa, njia ilifyekwa kiasi kikubwa pale kwa ukumbi wa bingo.

Na huyo Tajiri wa Japani, ambaye kila Mkenya akisikia jina anacheka, hakuwa tajiri. Hakuna aliyekuwa tajiri ECW. Tutafika hapo.

Ilikuwaje Acclaim ikaangukia ECW

Hapa ndio mambo ya biashara yanaingia, na usiruke hii sehemu, kwa sababu inaeleza kila kitu kibaya kuhusu hiyo gemu.

Acclaim ndio walikuwa na leseni ya WWF kwa miaka mob. Mwaka 1998 walitoa WWF War Zone, 1999 wakatoa WWF Attitude. Zote ziliuza vizuri. Halafu mwaka huo wa 1999 WWF ikawahama, ikaenda kwa THQ. Acclaim wakabaki na programu nzima ya mieleka, watengenezaji wao wako pale studio yao ya Salt Lake City, kila kitu kiko tayari, lakini hawana wanamieleka wa kuweka ndani. Ni kama uwe na matatu fiti imepigwa rangi, na sacco imekuambia usikanyage njia yao tena.

WCW ilikuwa imechukuliwa na Electronic Arts. Iliyobaki sokoni ilikuwa ECW. Acclaim wakaichukua.

Februari 2000 Hardcore Revolution ikatoka. Wahakiki wakaiangalia mara moja na wote wakasema kitu kimoja: hii ni Attitude iliyovalishwa nguo nyingine. Miondoko ile ile, menyu ile ile, udhaifu ule ule. Kitu kipya kikubwa kilikuwa damu, matusi na mechi ya seng'enge, na gemu ikapigwa muhuri wa M kule Marekani, maana yake si ya mtoto wa chini ya miaka 17. Inatajwa kama gemu ya kwanza ya mieleka kupewa huo muhuri. Kwa soko la vijana, muhuri kama huo ni tangazo la bure, si lazima nikueleze.

Miezi sita baadaye, Agosti, mwendelezo ukaja. Miezi sita! Siku hizi watu wanalalamika 2K wanatoa gemu ya WWE kila mwaka bila kubadilisha kitu. Acclaim walitoa mbili ndani ya mwaka mmoja.

Ndani ya gemu yenyewe

Tuseme ukweli, Anarchy Rulz iliboresha. Meza, ambazo ndizo roho ya ECW, zilipewa nafasi yake, na unaweza kumpeleka mwenzako mpaka ivunjike. Kuna kupigana nje ya ukumbi kwa uwanja wa nyuma, ile fujo ya kuegesha magari. Wachezaji walisasishwa pia, kwa sababu ECW ya Agosti haikuwa ile ya Februari, watu walikuwa wanatoka kila wiki. Unapata Rob Van Dam, Tommy Dreamer, Justin Credible, Jerry Lynn, Rhino, Steve Corino, Super Crazy na bwana Tajiri.

Sehemu iliyokuwa tamu, na hii Acclaim walikuwa nayo tangu enzi za Attitude, ni kujitengenezea. Unaunda mwanamieleka wako kuanzia nywele mpaka viatu, unampangia miondoko, unapanga shoo yako ya kulipia mechi kwa mechi. Kwa mwaka 2000 hiyo ilikuwa kubwa. Ukiona mtu leo amemaliza masaa matatu kwa 2K akitengeneza sura yake na hajapigana hata mechi moja, ujue huo ugonjwa ni wa kitambo.

Sasa shida. Shida ilikuwa kwa vidole.

Kwa SmackDown ya THQ, iliyotoka Machi mwaka huo huo wa 2000 na kutengenezwa na Wajapani wa Yuke's, ukitaka kumwinua mtu unabonyeza mshale mmoja na kitufe kimoja. Basi. Hata dogo wa darasa la tatu anaweza kukubwaga. Acclaim wao walitumia mtindo wa gemu za ngumi kama Mortal Kombat: lazima ubonyeze mlolongo, juu, chini, kushoto, kisha kitufe, haraka, na kila mwanamieleka ana milolongo yake. Ukikosea moja, jamaa anabaki amesimama na wewe unakula teke. Kuna wale waliopenda hivyo, wanasema inalipa anayejifunza. Sawa. Lakini kwa kibanda ambapo unalipia kila mechi na kuna watu watano nyuma yako wanapiga kelele, hakuna mtu anakaa kukariri milolongo. Gemu inayochezwa na umati lazima ishikike kwa dakika moja. Hiyo ndiyo sababu SmackDown ilishinda vibanda vya dunia nzima na Acclaim hawakushinda, na mimi nadhani hata picha zingekuwa nzuri mara mbili haingebadilisha kitu.

Kasi pia. Wanamieleka wa Acclaim wanatembea kama wamevaa gumboots kwa shamba la Chwele mvua ikinyesha. ECW ya ukweli ilikuwa ni mbio na vurugu, na hiyo ndiyo kitu gemu ilishindwa kubeba. Unakuwa na jina la Rob Van Dam, nguo za Rob Van Dam, lakini huyo jamaa hapepei.

Na usisahau aliyekuwa anangoja mbele. Novemba 2000 THQ wakaangusha mawe mawili kwa wakati mmoja: SmackDown! 2: Know Your Role kwa PlayStation na WWF No Mercy kwa Nintendo 64. Mpaka leo kuna wazee wa gemu wanaoapa kwamba No Mercy haijawahi kushindwa. Kwa hiyo toleo la Dreamcast la Anarchy Rulz lilipofika Desemba, lilikuta wageni wameshakula, wameshiba, wanaosha mikono.

Sasa tuongee doh

Ukisoma kuhusu hii gemu mahali pengi watakupa alama na kukuacha hapo. Lakini angalia tarehe.

Agosti 1999 ECW walipata nafasi kwa kituo cha TNN, kipindi cha taifa zima kila Ijumaa. Kila mtu aliona kama wametoboa. Kumbe shoo za TV zinakula pesa, na mishahara ilianza kuchelewa. Wasee wakaanza kuhama. Aprili 2000 ikatokea ile sinema ambayo hata mwandishi wa telenovela hangeifikiria: Mike Awesome, akiwa bado bingwa wa ECW, akatokea kwa runinga ya WCW tarehe 10. Ili ECW wapate mkanda wao, ilibidi Tazz, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa na WWF, atumwe Indianapolis tarehe 13 kumpiga Awesome. Yaani mtu wa kampuni ya pili anampiga mtu wa kampuni ya tatu ndani ya ulingo wa kampuni ya kwanza. Tarehe 22 kule Philadelphia, Tommy Dreamer akampiga Tazz, na dakika chache baadaye Justin Credible akampokonya Dreamer. Kwa hivyo bingwa unayemkuta Agosti gemu ikitoka ni Justin Credible, na sasa unajua kwa nini.

Rob Van Dam naye, sura kubwa kabisa ya kampuni, alikuwa amekaa na mkanda wa Television kwa karibu miezi 23. Mapema 2000 kifundo cha mguu kikavunjika na akaachia mkanda bila kupigwa. Kwenye gemu anaruka tu.

Tarehe 1 Oktoba 2000 Anarchy Rulz ya pili, sasa shoo yenyewe si gemu, ikafanyika Saint Paul, Minnesota. Jerry Lynn akamshinda Justin Credible mbele ya watu wa kwao. Siku tano baadaye, tarehe 6, kipindi cha TNN kikaonyeshwa kwa mara ya mwisho. Desemba toleo la Dreamcast likaingia dukani. Tarehe 7 Januari 2001 ndio shoo ya mwisho ya kulipia, New York, ambapo Rhino aliondoka akiwa bingwa wa mwisho. Tarehe 13 Januari wakapigana mara ya mwisho kabisa Pine Bluff, Arkansas, mji ambao hata Mmarekani wa kawaida lazima autafute kwa ramani. Na tarehe 31 mwezi huo huo Sega wakatangaza wanaacha kutengeneza Dreamcast. Ebu fikiria umenunua hiyo CD Krismasi. Kabla ya Februari kuanza, kampuni iliyo ndani ya gemu imekufa na mashine ya kuchezea imetangaziwa tanzia.

Tarehe 4 Aprili 2001 kampuni mama ya ECW ikaenda kortini kutangaza kufilisika. Karatasi zilizowasilishwa zilisema hivi: mali dola 1,385,500, madeni dola 8,881,435. Mali yenyewe ilikuwa nini? Maktaba ya kanda za video iliyokadiriwa dola 500,000. Lori moja la Ford la 1998, dola 19,500. Mabaki ya fulana na vitu vya kuuza, dola 4,000. Na dola 860,000 ambazo ECW ilisema inadai watu wengine: kampuni ya kurusha shoo za kulipia, kampuni ya kutengeneza midoli, na Acclaim, hao wenye gemu.

Soma tena. Sehemu ya pesa ya ECW ilikuwa bado haijafika kutoka kwa watu waliouza sura zake.

Upande wa madeni kulikuwa na majina ya wanamieleka wenyewe. Rob Van Dam dola 150,000. Shane Douglas dola 145,000. Tommy Dreamer dola 100,000. Mtangazaji Joey Styles dola 50,480, na Rhino, bingwa wa mwisho, dola 50,000. Sabu na Steve Corino waliandikwa kila mmoja anadai dola 2. Mbili tu. Hiyo haiwezi hata kununua memori kadi.

Kwa hivyo ukifungua ukurasa wa kuchagua mpiganaji kwa Anarchy Rulz, jua unaangalia orodha ya wadai. Hao wasee walikuwa wanavunja meza kwa migongo yao kila wikendi, sura zao ziko kwa CD inayouzwa dukani, na hundi hazifiki. Msanii yeyote wa Bungoma aliyesikia wimbo wake ukitumika kwa matatu, kwa klabu na kwa harusi tatu Jumamosi moja, halafu akacheki simu na hakuna kitu, haitaji maelezo zaidi.

Kiti cha gemu na kiti cha ukweli

Tarehe 12 Machi 2000, wiki chache tu baada ya Hardcore Revolution kuanza kuuzwa, ECW walikuwa Danbury, Connecticut, na shoo inayoitwa Living Dangerously. New Jack na Vic Grimes wakapanda juu ya jukwaa la vyuma, waruke pamoja waangukie meza. Wakazikosa. Wakaanguka kwa saruji, na Grimes, aliyekuwa mkubwa wa mwili, akamwangukia New Jack kichwani. New Jack aliumia ubongo na akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia. Aliendelea kupigana miaka mingine mingi. Alifariki Mei 2021.

Kuna nyingine ya zamani zaidi, Novemba 1996 kule Revere, Massachusetts. Kijana wa miaka 17 alidanganya umri na uzoefu wake, akaingizwa ulingoni na New Jack, akakatwa kipaji cha uso vibaya sana mpaka akapelekwa hospitali. Kesi ilienda kortini na New Jack akaachiliwa, lakini shoo ya kwanza ya kulipia ya ECW ilicheleweshwa kwa sababu hiyo. Ilifanyika Aprili 1997 badala ya mapema.

Nakuambia hii kwa sababu gemu haikuonyeshi. Kwa gemu unapigwa na kiti mara kumi na mbili, mstari wa nguvu unashuka, unabonyeza vitufe, unaamka. Watu husema mieleka ni maigizo, na ndio, mshindi hupangwa. Lakini sakafu haipangwi. Lile neno hardcore ambalo Acclaim waliliweka kwa jina la gemu ya kwanza lililipiwa na vichwa vya watu.

Na wala si lazima uangalie mbali. Vuka Malaba, shika barabara ya Kampala, kabla hujafika mjini utapita Mukono. Huko ndiko Soft Ground Wrestling ya Uganda ilianzia 2023, wale vijana uliowaona kwa TikTok wakirushana kwa ulingo wa nguzo za miti juu ya udongo laini. Hawakuwa na doh ya ulingo wa kisasa kwa hivyo wakatumia matope, na matope yakawa ndiyo chapa yao. Huo ndio ujanja wa Heyman na ukumbi wa bingo, ila hawa wamefikiria mgongo kwanza. Ningependa kuona gemu ya hao.

Iliishia wapi

WWE ilinunua mali ya ECW mwaka 2003, kanda zote na jina. Ilirudisha jina kwa usiku mmoja Juni 2005, One Night Stand, watu wakalia machozi, halafu 2006 ikaanzisha kipindi cha ECW cha kila wiki kilichodumu mpaka Februari 2010. Hicho ndicho watoto wa 2000 wengi wanakumbuka, na ndicho kilichoingia kwa SmackDown vs. Raw 2008. Mafan wa kitambo hawataki hata kukisikia.

Acclaim walijaribu tena 2001 na Legends of Wrestling, gemu ya mastaa wastaafu. Septemba 2004 nao wakafilisika na kufunga milango. Kwa hiyo jina la ECW ni la WWE, gemu ilitengenezwa na kampuni iliyokufa, na leseni ilikuwa ya wakati ule tu. Ndio maana hutaikuta kwa duka la mtandaoni la PlayStation hata utafute usiku kucha.

Ukitaka kuicheza leo

PS4 na PS5 za pale kibandani sahau. Hazisomi CD kabisa, zinasoma DVD na Blu-ray tu. PS2 ile ya zamani inasoma gemu za PS1, na PS3 pia. Ila kuna mitego. Kwanza, eneo: CD ya Marekani haiingii kwa mashine ya Ulaya kama haijachezewa, na mashine nyingi zilizouzwa rasmi upande wetu ni za mfumo wa PAL. Pili, CD ya kuchoma haitawaka kwa PS2 isiyokuwa na chipu. Ya original utaitambua kwa mgongo wake mweusi. Tatu, na hii huwauma wengi, gemu ya PS1 haihifadhi kwa memori kadi ya PS2. Lazima upate kadi ya PS1 yenyewe. Inaingia kwa tundu lile lile, lakini kadi ni tofauti. Bila hiyo, yule mwanamieleka uliyemtengeneza kwa masaa mawili anapotea stima ikienda, na stima zetu unazijua. PS3 haina hiyo shida, unatengeneza kadi ya ndani kwa diski yake.

Kwa kompyuta kuna emuleta kama DuckStation, ambayo pia iko kwa simu za Android, na kwa toleo la Dreamcast kuna Flycast na Redream. Gemu ya PS1 inatoshea CD moja kwa hivyo hata simu ya kawaida haitokwi jasho. Kama una uwezo wa kuchagua, chukua ya Dreamcast: ni gemu ile ile, lakini sura zinaonekana sura. Unganisha pedi, usijaribu kucheza kwa kioo cha simu. Ile milolongo ya juu-chini-kushoto itakutoa roho.

Na ukianza, usianze na Rob Van Dam kama kila mtu. Chukua Tajiri, ingia kwa orodha ya miondoko yake, kariri mateke mawili ya kwanza kabla ya kengele kulia.